Chanzo cha Kosa Kimeondolewa

Marehemu shangazi yangu alitoa amri mbili kuhusu wasifu huu. Ya kwanza, tusiandike kwamba "alipambana kishujaa na maradhi," kwa sababu, alisema, figo haziogopi mashujaa. Ya pili, tusiiruke habari ya banda la vioo. Baba mdogo, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wetu, aliposoma rasimu alivua miwani akaniambia, "Mwanangu, msibani husemwa mazuri. Hayo mengine ni ya ndani." Nikamjibu kwamba mwenyewe alisema isiposomwa hiyo, isisomwe hata moja. Akanirudishia karatasi. Kwa hiyo mnaosikiliza, na mnaofuatilia kwenye ratiba mlizoshika, mtuvumilie. Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa vitabu, na aliyenituma hayupo wa kunisahihisha.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1952, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mkunga. Wa kwanza alikuwa baba yangu mzazi, aliyemzidi miaka sita, na wa mwisho ni huyo baba mdogo. Alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Alipofungua mdomo hakuanza na "mama" wala "baba," alianza na "kwa nini," na hakunyamaza tena. Baba yangu akambandika jina la Kwanini, likamganda. Hata alipokuwa profesa mwenye mvi, baba alimwita Kwanini mbele ya wanafunzi wake, nao wakajifanya hawajasikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la tano alimwomba kaka yake, ambaye alikuwa anajifunza useremala, amtengenezee sanduku lisilopitisha mwanga, lenye kitundu kimoja ubavuni. Humo akaweka kopo la udongo na punje ya haragwe. Mwalimu akamwambia anaharibu chakula. Baada ya siku kumi sanduku lilifunguliwa darasani, na haragwe lilikuwa limejipinda mpaka kichwa kimechungulia kwenye kitundu. Mwalimu akasema mmea unapenda mwanga. Kwanini akauliza unapendaje na hauna macho, akasimamishwa nje hadi kengele. Jibu alilipata chuo kikuu: mmea una homoni ambayo hujikusanya upande wenye giza, upande huo ukarefuka kuliko mwingine, shina likainama. "Mwanga hauuvuti mmea," alikuwa akituambia sisi watoto. "Ni upande wa giza unaousukuma." Alimaliza kidato cha sita mwaka 1971, shahada ya kwanza mwaka 1975, na ya uzamivu ng'ambo mwaka 1983, shahada zote mbili katika homoni za mimea.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye yuko nasi hapa kiti cha mbele. Siku ya kwanza kumtembelea, fundi saa alikuja na maua na kikapu cha ndizi mbivu, vyote pamoja, kama mtu asiye na uhakika kipi kitafaulu. Shangazi alivitenganisha kabla hata hajamkaribisha. "Ndizi ikiiva inatoa hewa inayozeesha maua," alimwambia. "Ukiviweka hivi, maua yatakufa kabla hujasema ulichokuja kusema." Fundi saa anasema hapo ndipo alipojua kwamba hatapata mwingine wa namna ile, na kwamba nyumbani hatashinda ubishi hata mmoja. Kweli hakushinda. Hawakujaliwa kuzaa, lakini hatukuwahi kuiona nyumba yao ikiwa tupu, kwa sababu tulikuwa tumejaa sisi.

Alianza kufundisha chuo kikuu mwaka 1976, na mwaka 1991 chuo kikamjengea banda la vioo la kuoteshea mimea ya majaribio. Meza zake zote zilitengenezwa na baba yangu. Alipomaliza kazi ya mbao hakuondoka. Aliajiriwa kumwagilia na kutunza miche. Shangazi alikuwa anachunguza namna tumbaku inavyojikinga na virusi. Jani likiugua, mmea hutengeneza homoni ya kujihami, ndugu wa karibu kabisa wa dawa tunayomeza kutuliza homa. Sehemu ya homoni hiyo hugeuka mvuke, na mvuke huo unanukia kabisa kama dawa ya kuchua mgongo. Mmea wa jirani ukiupata, nao hujihami kabla ya kuguswa. Ndivyo mimea inavyopashana habari za ugonjwa.

Sasa nafika kwenye banda. Mwishoni mwa mwaka 1997 shangazi alipaka virusi kwenye miche ya pembe ya mashariki, ambayo ilikuwa miche ya kulinganishia, isiyotakiwa kuwa imeonywa na chochote. Ikakataa kuugua. Akarudia, ikakataa tena. Kwa wiki kumi na moja hakula vizuri kwa furaha, akidhani amegundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Machi, aliinama kwenye pembe ile akasikia harufu. Hapo hapo ndipo baba yangu alipokuwa anapumzika kila baada ya kumwagilia.

"Kaka, unajipaka nini?"

"Dawa ya kuchua. Mgongo huu, Kwanini, unanitesa."

"Ndiyo inayoharibu kazi yangu! Miezi mitatu, kaka! Usiingie humu tena mpaka uache kujipaka."

Baba akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka. Shangazi akafungua daftari la maabara na kuandika: Chanzo cha kosa kimepatikana. Chanzo cha kosa kimeondolewa.

Nyumbani baba alisema ameacha kazi mwenyewe, amechoka kubembeleza majani. Tukamtania kwamba amerudi kubembeleza mbao. Mwezi wa saba akaanza kuburuta miguu. Mwezi wa tisa hakuweza kusimama. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa vidonge ukigunduliwa mapema, na wake haukugunduliwa mapema. Alifariki tarehe 27 Novemba 1998, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Shangazi alirudi kazini baada ya wiki mbili, lakini hakurudi mzima. Alikuwa anafundisha, halafu katikati ya sentensi anasimama, chaki mkononi, anauliza, "Nani amejipaka dawa?" Hakuna aliyejipaka. Wanafunzi wakajifunza kujibu kwa adabu, "Hakuna, Profesa," kama wanaitikia salamu. Harufu ilimkuta benki. Ilimkuta kwenye lifti, peke yake. Nyumbani fundi saa alijifunza kuinuka na kufungua madirisha bila kuuliza, hata kwenye baridi, na chakula kikapoa mezani huku wote wawili wamekaa na makoti. Pembe ya mashariki ya banda iliendelea kupandwa tumbaku mwaka baada ya mwaka, na hakuna jaribio lililofanywa pale. Mwanafunzi mmoja alimuuliza miche ile inapima nini. Akamjibu, "Haipimi kitu. Mimi ndiye ninayeiangalia kama itaniambia lingine." Yule mwanafunzi, ambaye leo ni mhadhiri, aliniambia kwamba tangu siku hiyo alikuwa akiipita pembe ile kwa haraka.

Mwaka 2001 aliacha tumbaku kwa miaka kadhaa na kwenda kubisha hodi kwa daktari wa mifupa katika hospitali ya rufaa. Daktari alidhani profesa wa mimea amepotea njia. Shangazi alimwambia anataka kukaa kliniki ya maumivu ya mgongo na kuuliza kila mgonjwa maswali matatu tu: unajipaka nini, unajipaka wapi, na tangu lini. Alikaa kwenye benchi la mbao karibu na mzani kwa miaka minane, siku mbili kila wiki, na daftari mapajani. Walichokiona yeye na daktari kilikuwa rahisi hata cha kuona aibu. Mtu anayejipaka wiki mbili mara nyingi amenyanyua kitu kizito. Mtu aliyemaliza chupa tano mahali palepale, na anatoka jasho na kukonda, apigwe picha ya uti wa mgongo siku hiyohiyo. Maswali yale yaliingia kwenye fomu ya kliniki. Wauguzi huyaita "ya Profesa." Mwaka 2009 mama mmoja mchuuzi alimfuata getini, akitembea kwa miguu yake, akampigia magoti kumshukuru. Shangazi alimwinua akamwambia, "Usinishukuru mimi. Kuna mtu alilipia swali hilo." Mama hakuelewa, na sisi tuliosimama pale hatukuelewa pia.

Alistaafu mwaka 2017. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na tangu mwezi wa kwanza mwaka huu alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliwapa wauguzi wa chumba kile somo refu kuhusu jinsi mizizi inavyochuja maji ya chumvi, mmoja akasinzia amesimama, naye akasema ndilo darasa lake bora kwa miaka mingi. Mwezi wa tano aliomba mashine isimamishwe.

Jumamosi, tarehe 11 Mei, aliniagiza nimletee daftari la mwaka 1998 kutoka kabati la fundi saa. Akanitaka nisome kwa sauti ukurasa wa tarehe 9 Machi. Nikasoma. Akasema, "Chanzo hicho ni baba yako. Hakuacha kazi. Nilimtoa mimi." Kisha akasema jambo ambalo nalirudia kila nikishika mkasi: "Kimeondolewa. Ndugu yangu wa tumbo moja nilimwandika kama kitu. Nilimuuliza anajipaka nini, nikapata nilichotaka, nikaishia hapo. Mimi, Kwanini! Miche ilimsikia kwamba anaumwa, mimi nikaona ananiharibia hesabu." Halafu akanishika mkono. "Niambie kweli. Ningemuuliza tangu lini, angepona?"

Nilisema sijui. Nilitoa mkono wangu, nikasema nina nguo ya mteja, nikaondoka.

Jumanne nilimuuliza mama yangu, wifi yake. Mama alikuwa anachambua mchele. "Baba yako alijua. Miguu yake ilikuwa inakufa ganzi tangu mwaka wa nyuma, na jasho usiku, shuka unazikamua. Nikamwambia, mwambie Kwanini, ana marafiki madaktari. Akaniapisha nisiseme. Akasema, 'Nikimwambia atafunga banda anikimbize hospitali, na kazi yake yote ya mwaka itakauka. Akiniuliza nitamwambia nililala vibaya.' Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Nami niliapa, nikanyamaza."

Jumatano nilikwenda hospitali. Nilimchana nywele shangazi, nikamlisha uji vijiko vinne, tukazungumzia kitambaa cha kufunika meza kwenye mazishi. Mara mbili aliniangalia kama anayesubiri. Nilikuwa na maneno yale mdomoni. Sikuyasema. Alhamisi vilevile. Sikusahau, wala hatukukosa nafasi. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya baba yangu, nikataka swali limkae mtu huyu kooni siku mbili tatu zaidi, aonje. Nilipanga kumwambia Jumamosi.

Shangazi alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mume wake. Fundi saa ananiambia neno la mwisho lilikuwa, "Fungua dirisha." Lilikuwa wazi.

Ameacha mume, ndugu mmoja wa kiume, wifi mmoja, watoto tisa wa ndugu zake na wajukuu kumi na wanne, mhadhiri mmoja na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, na watu wanaotembea leo kwa sababu waliulizwa tangu lini. Ametanguliwa na wazazi wake, na baba yangu, ambaye shangazi atalazwa kando yake kwa upande wa kushoto.

Baba mdogo ameniomba nimalize kwa heshima, nami nitajaribu. Shangazi, jibu lako lilifika Jumanne, na mimi ndiye niliyekunyima. Bado nina uchungu na wewe, sikufichi. Lakini swali ulilojiuliza kwa miaka ishirini na sita lilikuwa na jibu, na jibu ni hili: ungemuuliza, angekudanganya. Angesema amelala vibaya, na wewe ungemwamini, kwa sababu alikuwa kaka yako.

Umeambiwa sasa. Pumzika.