Harold Ollerenshaw, Aliyehamisha Matangi

Ndugu, jirani na marafiki, mimi ni Imogen, mjukuu wa marehemu, na Bibi ameniomba nisome wasifu wake, akasema nisifupishe wala nisipambe, kwa hiyo mtanivumilia.

Babu yetu Harold alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa mjini Todmorden, mtoto wa pili wa wafumaji wa kiwanda cha pamba, akasoma shule ya mtaani hadi mwaka 1964, kisha akaingia kujifunza ufundi bomba kwa mjomba wake, na kazi hiyo hakuiacha mpaka miguu ilipomkatalia ngazi. Tarehe 14 Julai 1973 alifunga ndoa na Nora, mwaka 1976 wakampata mama yangu, Gillian, na mwaka 1981 wakahamia nyumba ya Barabara ya Kilimani, ambako jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupanda darini, kutoa tangi la bati lililooza, na kuweka la plastiki mahali palepale, juu ya chumba chao cha kulala, likiwa limekaa juu ya mbao mbili tu, akisema atarudi kuweka ubao mpana akipata nafasi.

Miaka mitatu baadaye aliitwa kwenye nyumba moja ng'ambo ya mto, akakuta tangi la darini limeporomoka na maji yanayotokota, limelala juu ya kitanda, na mwenye kitanda alikuwa hai kwa sababu tu alikuwa ameshuka kupika chai. Tangu siku hiyo Babu hakubadilisha tangi bila kulihamisha, kubwa la maji ya baridi pamoja na dogo la mfumo wa kupasha nyumba joto, yote mawili aliyasogeza juu ya ukuta imara, juu ya ubao mzima, mbali na vitanda, na mteja aliyebisha aliambiwa atafute fundi mwingine. Wengi wenu mliopo hapa mmelala salama kwa sababu ya ukaidi huo. Lakini mganga hajigangi, na Bibi alipomkumbusha la kwao alijibiwa, "Wiki ijayo, Nora," na wiki hiyo ilichukua karibu miaka arobaini.

Mwaka 2022 madaktari walikuta ugonjwa katika mapafu yake, uliotokana na vumbi la asbesto ya kufunikia mabomba ya zamani, na kufikia Januari mwaka huu wa 2024 hakuweza tena kuinuka. Kwa kuwa alihitaji kuoshwa mara kwa mara, Bibi aliacha umeme wa kuchemshia maji katika pipa la maji ya moto ukiwaka mchana kutwa.

Alhamisi tarehe 11 Januari, saa tisa alasiri, homa ilimpanda, nikalowesha kitambaa bafuni nikamwekea kwenye paji la uso, akafumbua macho ghafla.

"Umechukua bomba lipi?"

"La baridi, Babu."

"Mbona la moto hili?"

Bibi akadakia kwamba tangu Jumatatu bomba la baridi lilikuwa linatoa vuguvugu, naye alikuwa amemshukuru Mungu kimyakimya, maana katika nyumba hii kupiga mswaki Januari ni adhabu. Babu hakucheka. Alitazama dari, nami nikatazama, nikaona imeota tumbo, na tone la maji ya moto likaanguka kwenye blanketi, karibu na mkono wake.

"Kidhibiti joto kimekufa," akasema, "maji yanachemka pipani, yanapanda kwa bomba hadi tangini, ndiko bafu linakopata maji ya baridi. Imogen, zima umeme. Usiguse bomba lolote."

"Tukutoe kwanza, mzee wangu!" Bibi akalia.

"Umeme kwanza! Mkinitoa huku linachemka, litawaangukia ninyi!"

Nilikimbia nikazima swichi, kisha nikamwita jirani yetu Shafiq Mirza, akaja na soksi tu miguuni, tukambeba Babu kwa shuka hadi kwenye kochi la chini, huku mbao za juu zikilia kila tulipopiga hatua, na Bibi akikataa kutoka chumbani kabla yake.

Cyril Sutcliffe, aliyefanya kazi naye miaka mingi, alifika, akachungulia darini kupitia mlango mdogo wa dari, akalifunga boya la tangi liwe juu ili maji mapya yasiingie, akafungua bomba la baridi la bafuni taratibu, likatoa mvuke kama birika. Tangi lilipokwisha maji alishuka, uso mweupe.

"Harold, limelegea kama jibini kwenye mkate wa moto. Mbao mbili! Fundi gani mchafu alikufanyia hivi?"

"Kijana mmoja," Babu akajibu, akihema, "alikuwa na haraka."

"Na mimi nikaolewa naye," Bibi akasema, kisha akajifunika uso.

Cyril alifunga matangi mapya mawili juu ya ukuta wa bafu, kwenye ubao mzima, pamoja na kidhibiti kipya, Babu akisimamia kutoka kochini kwa kugonga fimbo sakafuni kila nyundo ilipomtia shaka. Alikataa kupandishwa chumbani hadi nimletee kikombe cha maji ya bafuni. Akachovya kidole.

"Bomba lipi?"

"La baridi, Babu."

"Haya, ni baridi. Nipandisheni."

Alifariki kitandani mwake Ijumaa tarehe 2 Februari, alfajiri, Bibi akiwa ubavuni pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara zilipoganda, Bwana Shafiq na mkewe kwa mgongo wao na vyungu vyao vya dengu, majirani wote, Cyril, na mafundi wenzake waliombeba leo. Bibi anaomba jambo moja, mkirudi nyumbani, kabla ya chai, mtazame kilichopo juu ya vitanda vyenu.

Babu, lala kwa utulivu. Juu yako hakuna kitu.