Koti la Dirisha la Nne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la miguu minne, mitatu ikielewana na mmoja ukipinga. Kiko nyuma ya ofisi ya viwanja, hatua arobaini tu kutoka mlango wa watumishi, ndiyo maana saa za kazi hakikosi watu. Asubuhi hiyo Mhandisi alikalia upande wa mguu mkaidi, akiitazama namba kumi na moja kwenye simu. Wiki nzima tangu mchezo wake wa simu, *Faili Lako*, uingie sokoni, waliopakua ni kumi na mmoja, na watatu kati yao ni yeye mwenyewe kwa simu za kuazima. Aliuunda peke yake, jikoni kwa mama yake, akiwa kwenye likizo isiyo na malipo kutoka masijala ya ofisi hiyohiyo. Likizo inaisha Jumatatu. Alishajiapiza: wakifika mia, anaandika barua ya kuacha kazi, wasipofika, anarudi kugonga mihuri mpaka apate mvi.

— Bado kumi na moja? aliuliza Kinyozi, aliyekuwa amemwacha mteja nusu kichwa.

— Bado.

— Ugonjwa wako ni kuona aibu. Nipe picha ya mchezo niwachonge watu visogoni. Kila kichwa bango, tena linatembea lenyewe.

— Na mwenye kichwa akikataa?

— Atajuaje? Nyani haoni kundule!

Shangazi, mwenye buli la kahawa na vikombe vyake, akatikisa kichwa.

— Nywele zinaota, baba. Tangaza msiba. "Mchezo umetutoka, njooni kuuaga." Harusini watu huulizwa kadi, msibani nani kaulizwa?

Katibu akakohoa. Ndiye karani wa dirisha la nne, na yuko kijiweni tangu saa tatu. Ofisini ameacha koti mgongoni mwa kiti, koti lenye sifa ya uaminifu: halijawahi kutoka kabla ya saa.

— Mnatangaza kienyeji. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo tuutembeze.

— Kaka, hapo umenishauri au umenitukana?

— Vyote, nakala kwa wahusika. Tunabandika waraka getini: "Ni marufuku kupakua mchezo huu bila kibali." Muhuri, na sahihi isiyosomeka. Watu ukiwakaribisha wanauliza kuna nini. Ukiwakataza wanavunja mlango.

— Na kibali kinatolewa wapi?

— Dirisha la nne.

— Lini?

— Mhusika akirudi.

— Basi na mimi nauchonga huo waraka kisogoni, akasema Kinyozi.

— Waraka mzima?

— Mteja wangu wa leo ana kichwa kikubwa.

Walikuwa wangali wanacheka alipofika mama mmoja, bahasha ya kaki kwapani, uso wa mtu aliyesimama tangu alfajiri. Akaomba kahawa, akawasikiliza kidogo.

— Huo mchezo mnaoupigia kelele, unachezwaje?

Kinyozi akamtazama Shangazi. Shangazi akalitazama buli. Wiki nzima wameujadili, na hakuna hata mmoja aliyeupakua.

— Simu yangu imejaa, akanong'ona Kinyozi.

— Mimi nangoja maelekezo, akasema Katibu.

Mhandisi alikuwa na sababu zake za kutomhimiza Katibu. Lakini mgeni ni mgeni. Akampa mama simu.

— Una faili, mama. Lifikishe dirisha la mwisho kabla ya saa sita.

Mama akaanza. Dirisha la kwanza, akagongewa muhuri. La pili, akarudishwa la kwanza akalete nakala, akaguna kama aliyekutana na jamaa. La tatu, akaambiwa hapo si penyewe. La nne, kiti kitupu, koti mgongoni, na maandishi: *Mhusika ametoka kidogo.*

Alicheka mpaka bahasha ikamponyoka.

— Ni hili! Hili koti nimetazamana nalo asubuhi nzima! Sasa nafanyaje?

— Mtafute mwenyewe, akasema Mhandisi, sauti ikififia.

Kidole cha mama kikatoka kwa mlango wa watumishi, kikapiga hatua arobaini, kikafika penye benchi moja lililopinda. Juu yake, mtu mwenye shati bila koti, kikombe mkononi.

Mama akainua macho. Akamtazama Katibu, juu mpaka chini.

— Samahani, kaka. Koti lako liko wapi?

Shangazi akainamisha buli juu ya kikombe cha Katibu. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, akasema kwa upole. Nenda kazini, baba.

Katibu akaenda. Mama akamrudishia Mhandisi simu, akafuata na bahasha yake, huku kwa simu yake mwenyewe akirusha mchezo kwenye kundi la wenzake wa foleni.

— Tuko mia mbili na ushee, alipaza sauti, na muda tunao!

Namba ikaanza kupanda: kumi na tisa. Arobaini na tatu. Mteja wa Kinyozi akachungulia, nusu kichwa, simu mkononi: yuko dirisha la pili, asisumbuliwe. Saa sita kasoro, mia na mbili.

Mhandisi akaruka, akamkumbatia Shangazi, akaazima kalamu, akaandika barua mistari mitatu. Ndipo akakumbuka barua kama hizo hupokelewa wapi: dirisha la nne. Akacheka peke yake, akatimka kuwahi foleni. Kwa mara ya kwanza, mhusika yupo.