Mama Manasseh Anaondoka Jikoni

Leo ni Ijumaa, tarehe 2 Agosti 1974, na nimeahidi kusema yote. Mama Persis Nyanchera, mpishi wa shule yetu ya wasichana hapa Gesima, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa. Anarudi kwake Nyaramba, kwenye nyumba ambamo hajalala tangu alipomzika mwanawe. Ameniruhusu niandike hata hilo.

Alianza kazi mwaka 1955, shule ikiwa na madarasa mawili ya udongo. Jikoni hapakuwa na saa, kwa hiyo alipima muda kwa nyimbo za dini. Mboga zilihitaji nyimbo mbili, maharagwe ibada nzima. Siku moja Mwalimu Omwenga alimkatiza kwa salamu ndefu katikati ya ubeti. Mama akaanza wimbo upya, mboga zikaungua. "Mwalimu," akamwambia, "leo utakula salamu zako."

Mwaka 1969, akiwa tayari mjane, alifiwa na Manasseh, mtoto wake wa pekee. Baada ya mazishi alirudi kazini, lakini hakuimba. Maharagwe yalifika mezani yakiwa magumu, na wanafunzi wakayatafuna kimya. Alikonda. Aliketi kando ya moto, hawezi kulia wala kuomba. Kwa kumhurumia, shule nzima ilikubaliana isimwite tena Mama Manasseh. Wakamwita Mpishi.

Mama Kemuma, aliyeleta ndizi shuleni kila Jumatano, hakuwa na habari za makubaliano hayo. Alifika mlangoni akapaza sauti: "Mama Manasseh! Njoo unipokee, shingo inakatika!"

Wasichana waliokuwa wakiosha sahani waliganda. Mama Persis akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akasema, "Niite tena." Mama Kemuma akamwita, akatua mzigo, akapiga magoti sakafuni, akaomba kwa niaba yake. Alifanya hivyo kila Jumatano, miezi mingi.

Nimeyajua haya kwa sababu mwaka jana baba yangu alifariki nami nikakataa kula. Mama Persis alinikalisha jikoni. "Sikupona siku ile, binti yangu," aliniambia. "Ila nilijua Mungu hajalisahau jina la mwanangu. Nami sikuwa na neno la kumwambia, lakini alikaa nami hapa hapa, kwenye moshi." Nilikula bakuli zima.

Mama Manasseh, asante kwa chakula, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kumpenda Mungu na bado akaelemewa. Tunakuombea siku za amani, shamba lenye rutuba na majirani wema.

Umekiri kwamba unauogopa usiku wa kwanza katika nyumba ile. Mwalimu mkuu amekubali, na mama yangu pia, kwamba mimi na mwanafunzi mwenzangu Nyamoita tuje tukae nawe wiki ya kwanza ya likizo. Tafadhali tujibu kwa barua upesi: utatupokea?