Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kijani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha maziwa. Ndugu wakandarasi mliotujengea ukumbi huu. Wafanyakazi wenzangu wa zamu zote. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Nawasalimu kwa heshima, na mniwie radhi nikisimama upande upande hivi, maana nashindwa kuipa mgongo ile paneli ya umeme iliyo ukutani.

Mshereheshaji ameniambia nitoe shukrani kwa niaba ya idara ya umeme, ambayo mimi ndiye mkuu wake, niwe mfupi, kisha nimpishe Mgeni Rasmi abonyeze kile kitufe cha kijani. Hapo mitambo itaanza kuzunguka, na mwenzetu mmoja atashika mpira wa maji ya moto aoshe mashine mbele yenu, muone ukumbi huu utakavyokuwa ukioshwa kila siku. Mpango ni mzuri. Nimejaribu kuufurahia tangu asubuhi, nimeshindwa.

Nianze na shukrani, nisije nikaonekana sina adabu. Mkurugenzi, ulisema ukumbi utafunguliwa leo, na leo ndiyo hii. Vigae vimenyooka, rangi imekauka, viti vimevishwa vitambaa, hata maua yamewahi. Kilichochelewa ni kitu kimoja tu, tena kidogo cha kutosha kiganjani, kinaitwa glandi.

Glandi ni nini? Tazameni chini ya paneli, pale kebo zinapoingia. Kila kebo inapita kwenye kitu kama kifuniko cha chupa chenye tundu katikati. Ndani yake mna mpira, na ukikikaza, mpira ule unaibana kebo pande zote, maji yasipenye, vumbi lisipite, na mtu akijikwaa akaivuta, isichomoke. Haing'ai wala haitoi sauti, na sijaona mgeni hata mmoja leo akipiga picha nayo.

Kuichagua si kazi ya kubahatisha. Unapima unene wa kebo kwa kipimo, si kwa jicho. Halafu unapatazama mahali penyewe. Pana maji? Pana dawa kali ya kusafishia? Mashine inatikisika? Ofisini kwa mhasibu, ya plastiki inatosha. Humu ndani tulichagua za chuma kisichoshika kutu, kila kebo na saizi yake, na tukaagiza hivyo. Mzigo uliofika ulikuwa wa saizi moja, ile kubwa. Nyingine tukaambiwa ziko njiani, na kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka.

Sasa mafundi wa mkandarasi wangefanyaje? Siwasemi vibaya, mikono yao naijua. Walizizungushia kebo nyembamba tepu nyeusi mpaka zikanenepa, wakazikaza ndani ya glandi kubwa. Na jamani, wameizungusha vizuri! Imelala kama bandeji ya hospitali. Lakini tepu ile ikishapigwa na maji ya moto, gundi inalainika, inaachia, na maji yanaifuata kebo taratibu mpaka ndani kwenye umeme. Leo huenda yasiingie. Kesho je? Na wiki ijayo, sisi sote tukiwa tumeshasahau? Ndiyo maana mnaniona situlii.

Ndugu zangu wa stoo, niwaulize. Mlipowanunulia waoshaji gambuti, mlichukua saizi moja ya mwenye mguu mkubwa kuliko wote, wengine mkawaambia wajaze matambara? Hapana. Mliwapima mmoja mmoja, tena kwa utani mwingi, na gambuti zile pale mlangoni zimepangwa kubwa kwa ndogo. Kwa nini basi tulichoifanyia miguu tusizifanyie kebo?

Atakayeshika mpira leo mnamwita Mzee Mvua, kwa sababu hajawahi kutoka kazini mkavu. Idara yangu nzima inamwita shemeji. Simama, baba, wakuone. Ndiyo huyo, mume wangu. Haya, kaa.

Enzi za ukumbi wa zamani, kabla sijahamia kiwanda hiki, kuna fundi aliyetoa kebo kwenye paneli akaliacha tundu wazi, akisema atarudi kuliziba. Maji yakaingia. Mzee Mvua akaegemea meza ya chuma, umeme ukamrusha mpaka ukutani, na kwa muda mrefu nilikuwa namshikia kikombe cha chai mdomoni. Yeye alifanya mzaha, akaniambia, "Mke wangu, umeme wenu una mkono mzito kukushinda wewe." Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Leo asubuhi nilipitisha mkono chini ya paneli, kama kawaida yangu. Glandi moja ikazunguka pamoja na kebo yake. Nikaifungua, nikakuta tepu. Nikafungua ya jirani yake, tepu. Nikamfuata Mkurugenzi, alikuwa anapanga viti vya meza kuu. Hakunibishia hata kidogo. Alisema, "Dada, nimekuelewa, lakini wageni wako njiani. Tufungue leo, kesho paneli ni yako, fanya utakavyo."

Nikamuuliza, "Na maji ya leo?"

Akasema, "Maji kidogo tu, dada. Ya picha."

Mkurugenzi, si ndivyo ulivyosema? Naona unatikisa kichwa, ila kutoka hapa sitambui kama ni ndiyo au hapana.

Wenzangu wa umeme mnaujua utaratibu wetu. Anayeona hatari kwenye paneli anazima swichi kuu, anatundika kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anatembea nao. Hakuna mwingine wa kulifungua, awe bosi, awe nani. Mkurugenzi, utaratibu huo uliuleta wewe, na kila mmoja wetu ulimkabidhi kufuli lake kwa mkono wako. Kwa hilo nakusifu bila utani wowote, maana wakubwa wengi wasingethubutu.

Kwa hiyo Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuambia mapema, usije ukaaibika mbele ya kamera. Kile kitufe ukikibonyeza hakitawaka. Kufuli langu liko kwenye swichi kuu ya paneli ile ya mitambo, na ufunguo ni huu hapa. Mshereheshaji, rudi ukae, namalizia. Na wewe wa muziki, toa mkono hapo.

Nasikia mtu akinong'ona kwamba haya ni mambo ya mke na mume. Ni kweli, wala sioni haya kulisema. Naogopa kumpoteza. Lakini wiki ijayo mpira utashikwa na mume wa mwingine, au mama wa mtu, na mwenzake huenda hajui hata glandi ni kitu gani. Nani atamwogopea huyo?

Hata hivyo mimi si mkaidi. Nitalifungua kufuli sasa hivi, mbele yenu, kwa sharti moja. Mume wangu abaki amekaa. Yeyote wa meza kuu, au ndugu yangu mkandarasi, yeyote anayeiamini tepu ile, avue viatu vyake, avae gambuti, ashike mpira, atuoshee mashine. Gambuti ziko pale mlangoni. Saizi zote zipo.

Nasubiri.

Mwenyekiti? Ndugu mkandarasi? Msitazamane, nitazameni mimi.

Basi. Naona hakuna aliyeinama hata kulegeza kamba za viatu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chai ni ya moto na keki imeshakatwa, karibu sana, na kitufe utakuja kutubonyezea siku glandi zitakapofika. Mkurugenzi, nitakuwa ofisini kwako kabla hujaniita. Nawashukuru nyote, wakubwa kwa wadogo, kwa kunisikiliza bila kunizimia maikrofoni. Na wewe, Mzee Mvua, chukua kofia yako. Leo unarudi nyumbani mkavu.