Zuwena Fikirini na Skuta Iliyonunuliwa Kama Ng'ombe

Tarehe 30 Juni, Bi Zuwena Fikirini, Mama Shadya, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kusoma dira za maji katika kata ya Nyasubi. Wengi wetu tuliofika Kahama kutoka mbali tuliijua mitaa yake kwa kumfuata yeye.

Alifanya kazi hiyo kwa miguu hadi goti lake la kulia lilipofanyiwa upasuaji. Ofisi yetu ya maji ikaamua kwamba asipoweza kuzifikia nyumba zote, atahamishiwa dirishani kupokea wateja. Ni kazi ya heshima, ila kwake ilikuwa sawa na kufungiwa ndani. Pikipiki ya kawaida isingemfaa: breki ya nyuma inataka mguu wa kulia, na sketi haipandi juu ya tangi. Akaamua kutafuta skuta.

Alimchukua Ndaki, mhudumu wetu wa pampu, mtoto wa wafugaji wa Kishapu, ambaye hajawahi kumiliki chombo cha moto. Ndaki aliikagua ile skuta ya mtumba kama yuko mnadani. Aliizunguka, akaipapasa, akataka itembezwe, kisha akamgeukia muuzaji: "Sasa baba, huyu ana tabia gani akiwa nyumbani?" Sisi tuliosindikiza tulicheka. Muuzaji hakucheka.

"Mguu wa nyuma," muuzaji alikiri mwishowe, "hausimami vizuri."

Alimaanisha breki. Akaongeza mwenyewe kwamba na mkanda unaozungusha gurudumu umechoka. Vyote viwili vilibadilishwa kabla Mama Shadya hajaipanda.

Kuitunza ilikuwa kazi ya pili. Kiangazi alikung'uta vumbi kwenye chujio la hewa kila Jumamosi. Masika, udongo mweusi ulipoyashika yale matairi madogo, aliiegesha kwa mteja na kumalizia mtaa kwa miguu na fimbo, taratibu. Vijana wa bodaboda walimtania: "Mama Shadya, baiskeli yako imenenepa!" Naye: "Zenu zimekonda kwa kukosa oili!"

Huu ni mwaka wa tisa. Hakuna nyumba iliyokosa kusomwa kwa sababu ya goti, na dirishani hakuketi hata siku moja. Wiki iliyopita, katika mzunguko wake wa mwisho, watu ambao msoma dira akibisha hodi hujifanya hawapo walitoka hadi getini kumuaga. Alichelewa sana kurudi ofisini. Hakuna aliyemuuliza.

Mama Shadya, tunakushukuru. Mungu akupe afya, na mahali pa kuketi upachague mwenyewe.