Buti Huachwa Mlangoni

Ndugu zangu, mmeniambia nisimame mbele ya mkutano wetu huu, nami nimesimama. Kusimama kwenyewe ni habari, mtaona.

Mimi ni mtu wa Tanga. Miaka ya tisini nilikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, Mwafrika peke yangu, wengine wote Wafilipino. Wenye meli waliwapenda: wachapa kazi, hawalalamiki, na mmoja akirudishwa kwao, foleni ya wanaongoja nafasi yake kwa wakala ni ndefu. Ndiyo maana melini hakuna anayeumwa. Nawaambia, mtu atatapika, atajifuta mdomo, atasema ni mawimbi. Ukishushwa mgonjwa, mkataba mwingine hupati. Desturi hiyo niliishika upesi kuliko mchuzi wao wa ukwaju.

Nikapata kidonda mguuni. Ilikuwa sukari, sikujua. Nikafunga kitambaa, nikavaa buti, nikaendelea kukaanga samaki.

Walikuwa na desturi nyingine: buti huachwa mlangoni, ndani ni kandambili. Mimi nikaanza kuingia na buti. Nikasingizia kwamba sakafu ya jiko inateleza. Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, mtu mzima niliyemwita kaka, alinitazama miguu, akaenda kazini. Tulipokaribia London akaniambia nivue. Nikakataa. Akaenda kwa nahodha.

Nikashushwa kwa machela. Nikamwambia serahangi, "Umeniua, kaka."

Akasema, "Nichukie tu, ila uwe na mguu."

Madaktari walikata vidole viwili, mguu ukabaki. Meli ikaenda zake, na kazi ikaenda nayo. Mtu wa kwetu akanipa chumba hapa Kilburn, London. Mke wangu sikumpigia simu, maana ningemwambia nini? Nikakaa namlaani yule kaka. Bandeji nilikuwa sibadilishi, na soksi sivui.

Siku moja mlango ukagongwa. Mama wa Kifilipino, nesi wa hospitali ileile niliyokatwa vidole, dada yake serahangi. Kaka yake alimpigia kutoka bandari ya mbali, akamwomba anitafute. Alivua viatu mlangoni, akaweka chini wali na samaki, akanitazama mpaka nami nikavua soksi. Akaanza kunisafisha kidonda. Nikamuuliza kwa nini kaka yake hakuninyamazia kama wengine.

"Kaka yetu mkubwa naye alikuwa baharia," akasema. "Naye alikuwa havui buti. Alirudi nyumbani kwenye jeneza."

Nililia, ndugu zangu. Jioni ile nikampigia mke wangu. Akauliza kama mguu upo. Nikamwambia upo.

Sasa napika kwenye nyumba ya wazee, natembea mwenyewe mpaka kituo cha basi. Namshukuru dada yule, na mwenzetu aliyenipa chumba, na serahangi popote alipo baharini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na rafiki, kikakosa nafasi.

Mnanicheka kila nikija hapa, eti navua viatu kama naingia msikitini. Endeleeni kucheka. Lakini kama kuna mtu humu anayejua buti lake lina nini ndani, akalivue, mlango ule pale. Viatu vyangu vimekaa peke yao.