Noti Iliyokosekana kwenye Albamu ya Yaarub bin Ghanim

Wazee wetu, jamaa na majirani mliokuja kutupa mkono, mimi ni Humam, mdogo wake marehemu, nimesimama kuwaelezeni maisha ya kaka yangu.

Yaarub bin Ghanim alizaliwa Vuga, Unguja, tarehe 14 Machi 1956, akasoma huko hadi mwaka 1971 tulipohamia Maskati, akamalizia masomo hapa, na mwaka 1978 akapelekwa Amerika kusomea uhasibu katika kimji cha Pell Junction, akapanga chumba juu ya benki iliyofungwa zamani, na huko ndiko alikojua kwamba enzi hizo kila benki ya kimji kama kile ikitoa noti zake yenyewe, zenye jina la mji na saini ya mkubwa wa benki.

Alirudi mwaka 1982, akafanya kazi wizarani, Al Khuwair, hadi alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 6 Septemba 1984 alimuoa Bi Shariffa, wakajaaliwa binti, Balqis. Noti zile kuukuu akiziagiza kila akipata nafasi, na Bi Shariffa akimtania kwamba wenziwe wananunua viwanja Yiti, yeye ananunua makaratasi ya maiti, naye akicheka tu, huku akizipapasa kwa kidole gumba, maana noti ya kweli akiijua kwa kuigusa. Albamu yake ya noti ilijaa, isipokuwa mfuko wa kwanza, alioutengea noti ya Pell Junction.

Tarehe 2 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, kikamchukulia maneno na upande wa kulia, akawa kila siku anatuonesha mfuko ule mtupu kwa mkono wa kushoto. Balqis alimpata mwenye noti hiyo huko Amerika, lakini mtu huyo akakataa kuiuza kwa bei yoyote. Hatukuwa na la kufanya, basi tukachapisha picha ya noti hiyo kwa rangi, tukaipaka chai ionekane kuukuu, tukaitia kwenye mfuko ule wa albamu. Kaka aliitoa, akaipapasa, akaturudishia, akageukia ukutani analia. Sisi wa nyumbani kwake, tuliomuona miaka yote hiyo akizipapasa, ndio tuliodhani hatajua.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa wizarani, na Nakayiza, binti wa Kiganda anayefanya kazi nyumbani kwake, aliyemlisha wiki za mwisho, kwani mikononi mwetu hakutaka tena kupokea kitu.

Kaka, ile karatasi tumeichana, na mfuko tumeuacha mtupu kama ulivyouacha mwenyewe. Mola akurehemu, akupe mapumziko ya amani, nawe utusamehe.